Mashine ya Kutengeneza Bia Nyumbani: Namna ya Kuimudu katika Joto na Maji ya Malindi

Anayenunua mashine ya kutengeneza bia nyumbani huwa ameahidiwa kwamba atatia kimea (nafaka ya shayiri iliyooteshwa na kukaushwa) na maji, atabonyeza kitufe, kisha atarudi baadaye akute kinywaji. Ahadi hiyo ni kweli nusu. Mashine huifanya vizuri kazi ya saa nne au tano za mwanzo, yaani kuloweka kimea katika joto linalotakiwa, kuzungusha maji na kuchemsha. Lakini kinachogeuza maji yale matamu yawe bia ni hamira, katika wiki moja au mbili zinazofuata, na hapo ndipo Malindi inapotofautiana na miji ya baridi ambako mashine hizi zilibuniwa. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, wala si mnywaji. Ninayoyaandika nimeyapata kwa kufungua pampu zilizoziba, kubadilisha vidhibiti joto vilivyoliwa na chumvi, na kuwasikiliza wenye mashine, wakiwemo wakaazi wa majumba ya mtaa wa Casuarina na wachache wenye nyumba za wageni, wakinieleza kwa nini chombo walichokigharimia sana kimeishia stoo. Malalamiko yao karibu yote yana asili moja: fedha zote zilikwisha kwenye mashine, na hazikubaki za kupoza, za maji wala za kulinda umeme.

Kabla ya kuzungumzia vyuma, kuna sheria. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayetengeneza kileo awe na leseni, na tangu ugatuzi uanze kazi ya leseni za vileo imekuwa chini ya kaunti. Kwa hiyo mwenye mashine, hata kama bia ni ya meza yake mwenyewe, na aulizie ofisi ya Kaunti ya Kilifi kabla ya kuanza, na mwenye nyumba ya wageni asimwuzie mgeni hata glasi moja kwa kudhani kwamba leseni yake ya baa inatosha. Anayeagiza shayiri au hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) kutoka ng'ambo aulizie pia KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kwa sababu hayo ni mazao ya mimea. La mwisho katika hili ni la ujirani: harufu ya kimea kinachochemka husafiri mbali na hudumu kwa saa kadhaa, na majirani wengi wa mji huu ni Waislamu, kwa hiyo ni adabu kuchagua mahali uani palipo mbali na dirisha la mtu, na kutopika jioni za Ramadhani watu wanapofuturu.

Kuchagua mashine

Wanaoagiza hupendezwa zaidi na mashine ndogo za pakiti au kapsuli, ambazo kila kitu kimepimwa tayari na mtumiaji hana la kufikiri. LG, kwa mfano, ilionyesha mashine yake ya HomeBrew mjini Las Vegas mwanzoni mwa 2019, yenye kutumia kapsuli na kutoa takriban lita 5 kwa pishi, yaani kwa upikaji mmoja. Kabla ya kuvutwa na urahisi huo, msomaji na azingatie yaliyowapata wateja wa PicoBrew. Kampuni hiyo ya Seattle, Marekani, ilijulikana kuanzia 2013 ilipochangisha fedha za mashine ya Zymatic kupitia Kickstarter, tovuti ya michango. Baadaye ikaleta Pico, iliyotumia pakiti maalumu zenye nafaka na hopsi, na ambayo ilipokea maelekezo ya kila pishi kwa intaneti kutoka kwenye seva za kampuni. Mwaka 2020 kampuni ikashindwa kulipa madeni na ikawekwa chini ya usimamizi wa kufilisiwa. Pakiti zikaadimika, na wenye mashine wakabaki na chombo kizima ambacho uhai wake ulikuwa katika seva ya mtu mwingine, hadi wajuzi wa kompyuta miongoni mwao walipoandika programu ya kuiga seva ile, inayoendeshwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi ndani ya nyumba. Mtu wa Malindi, ambaye tayari anasubiri vipuri kwa wiki nyingi na ambaye intaneti yake hukatika pamoja na umeme, hana sababu ya kujifunga kwa kamba hiyo.

Ninachowashauri wanaoniuliza ni kununua sufuria ya umeme yenye pampu na kidhibiti joto chake yenyewe, kama vile Grainfather ya New Zealand, Braumeister ya kampuni ya Speidel ya Ujerumani, au BrewZilla ya Australia. Hizi hupokea kimea chochote, hukumbuka hatua za joto ulizoziandika, na hutoa lita 20 hadi 23 kwa pishi. Hazimalizi kazi yote kama zile za kapsuli, lakini koili ikiungua au pampu ikifa, fundi yeyote mwenye mita na akili ya kawaida anaweza kuzifufua.

Umeme

Mashine za Marekani hutengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60, ilhali umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Usiinunue ya Marekani kwa sababu ya bei, maana transfoma ya kumudu koili kubwa ni ghali, ni nzito na hupata moto. Tafuta yenye alama ya volti 220 hadi 240. Mashine ya kiasi cha kati ina koili ya wati 2000 hivi, inayovuta zaidi ya ampea 8. Kwa hiyo kile kilinda umeme kidogo alichonacho mtu kwenye friji au televisheni kinaweza kuyeyuka. Soma ampea zilizoandikwa juu yake, na uchukue cha ampea 13 au zaidi. Waya wa kurefushia unaouzwa kwa ajili ya kuchaji simu usiukaribie kabisa. Kwa kuwa hapa maji na umeme vinakaa chombo kimoja, soketi iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, na kwenye boksi la umeme kuwe na swichi inayokata mara umeme unapovuja. Nyumba nyingi za zamani hazina hiyo, na ndiyo ningeitanguliza kabla ya mashine yenyewe.

Kwa upande wa tokeni, hesabu si ngumu. Kupandisha lita 28 za maji kutoka nyuzi 28 hadi kuchemka huhitaji yuniti 2.3, na saa moja ya kuchemsha hula nyingine mbili. Ukiongeza joto linalopotea na kazi ya pampu, pishi moja ni yuniti 5 hivi, bila friji.

Umeme ukikatika katikati, la kufanya linategemea umefika hatua gani. Wakati wa kuloweka kimea, funika sufuria, izungushie blanketi na usiifungue. Joto litashuka nyuzi chache tu kwa nusu saa, na kimea hakiharibiki. Kikilala hivyo usiku kucha kitachacha, kwa hiyo umeme ukikawia mno hamishia kazi kwenye jiko la gesi. Ukikatika wakati wa kuchemsha, ongeza dakika zilizopotea utakaporudi. Angalia pia kama mashine yako huendelea pale ilipoishia au husubiri kubonyezwa; jaribu kwa maji matupu siku ya kwanza kwa kuchomoa plagi makusudi, ujue tabia yake kabla hujaweka nafaka ndani.

Maji

Maji ya bomba ya Malindi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na hutiwa klorini kama inavyopasa. Klorini hiyo ikikutana na kimea huacha harufu kama ya dawa za hospitali, nayo haiondoki tena. Acha maji wazi kwenye ndoo usiku kucha, au tumia potasiamu metabisulfaiti. Nusu gramu tu hutosha lita 75. Hilo ni jepesi.

Tatizo zito ni la wenye visima. Ardhi yetu ni ya matumbawe, na maji yake ni magumu: huacha ukoko mweupe kwenye koili na huufanya uji wa kimea ukose uchachu kidogo unaouhitaji, yaani pH ya 5.2 hadi 5.6, na matokeo yake ni ukakasi mdomoni. Karibu na bahari huongezeka chumvi. Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu, lakini chumvi haiondoki kwa moto. Kadiri unavyochemsha ndivyo inavyokolea. Maji yenye kloraidi zaidi ya miligramu 250 kwa lita ulimi huanza kuyatambua, na bia itayatambua zaidi. Mwenye kisima cha chumvi anunue maji yaliyochujwa, yale ya mtungi wa lita 20, au avune ya mvua. Maji yaliyochujwa kabisa nayo hayana kalsiamu, ambayo hamira na kimea huihitaji. Gramu 5 za kalsiamu kloraidi katika lita 25 zinatosha. Wenye mashine wengi hubishana kuhusu aina za hopsi kabla hawajapima maji yao, jambo linalonishangaza kila mara.

Siku ya kupika

Kimea kipasuliwe tu, kisisagwe unga. Ukikipeleka kwenye kinu cha kusagia posho, kitarudi kikiwa vumbi. Maji hayatapenya, pampu itavuta utando, na unga utashuka chini ugande juu ya koili. Hapo kinga ya joto hukata umeme na mwenye mashine huniita akisema imekufa. Mara nyingi haijafa: chini ya sufuria kuna kitufe kidogo cha kuirejesha, ambacho hubonyezwa baada ya kuchomoa plagi, kumwaga kilichomo na kusugua koili. Ganda la shayiri likibaki zima ndilo linalofanya kazi ya chujio.

Mashine nyingi za aina hii zina saa ya kuchelewesha kuwaka, na kwa Malindi ndicho kifaa chenye thamani kuliko vyote vilivyo kwenye kidhibiti. Jaza maji usiku, uitege iwake saa kumi alfajiri. Utaamkia maji yaliyokwisha kupata moto, utie kimea, ukiache kwa saa moja katika nyuzi 65 hadi 68. Ukitaka bia kavu, yaani isiyo na utamu, shuka karibu na 64, ukitaka nzito panda karibu na 68. Kisha inua kikapu chenye kimea, suuza machicha kwa maji moto, uchemshe kwa saa moja ukitia hopsi za uchungu mwanzoni na za harufu mwishoni. Kwa mpango huo hatua ya kupoza itaanguka mnamo saa mbili asubuhi, tangi la paani likiwa bado limepoa. Anayeanza baada ya chakula cha mchana atapoza kwa maji ya tangi jeusi lililopigwa jua kutwa, yaani hatapoza.

Machicha mbuzi na kuku huyapenda. Mabaki ya hopsi yafukie, kwa maana ni sumu kwa mbwa.

Kupoza nako kunataka hila. Koili ya shaba au ya chuma cha pua inayokuja na mashine hupitisha maji ya bomba, nayo haiwezi kushusha joto chini ya la maji hayo, ambayo kwetu ni nyuzi 27 au zaidi. Tumia bomba mpaka ufike nyuzi 40, kisha hamia kwenye ndoo ya maji ya barafu yenye pampu ndogo ya kuzamisha, inayozungusha maji yale yale. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka na kufika nyuzi 20 hubeba joto la kilojuli 418 hivi, na lita 23 zikishuka kutoka 40 hadi 20 hutoa kilojuli 1,900; kimahesabu ni kilo 5, lakini kwa vile nyingine hupotelea hewani nunua kilo 10. Barafu ya wauza samaki inafaa bila wasiwasi, kwa kuwa haigusi bia. Asiyetaka barafu afanye kama wafanyavyo Waaustralia wengi: amwagie maji ya kimea yakiwa bado ya moto kwenye mtungi wa plastiki ngumu inayostahimili joto, afunge kabisa, alaze mtungi ubavu ili moto uguse kila upande, na hamira aitie kesho yake baada ya mtungi kukaa ndani ya friji.

Hamira na friji

Hamira nyingi za ale, aina ya bia isiyohitaji baridi kali, hupenda nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha Malindi wakati wa kaskazi huwa 30 na zaidi, na hamira yenyewe ikifanya kazi huongeza nyuzi kadhaa juu ya hapo. Katika joto hilo haifi. Inafanya haraka na kutoa alkoholi kali za kuumiza kichwa na harufu ya gundi. Hii ndiyo bia ambayo wenye mashine huilaumu mashine kwayo. Dawa yake ni friji kuukuu, iliyotolewa rafu, ikaunganishwa na kidhibiti joto cha nje kinachoiwasha na kuizima. Kihisio usikiache kikining'inia hewani. Kibandike ubavuni mwa ndoo na ukifunike kwa kitambaa, kisome joto la bia badala ya la hewa. Friji ya mtumba na kidhibiti hicho ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine, na kama ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechukua friji hiyo na sufuria ya kawaida kabla ya mashine yoyote ya kisasa isiyo na friji.

Asiyeweza friji hajakosa njia. Kuna hamira ya kienyeji ya Norway iitwayo kveik, na aina yake ya Voss hufanya kazi vizuri katika nyuzi 30 hadi 40, ikamaliza kwa siku chache na kuacha harufu kama ya chungwa. Kwa hali yetu imekuja kama iliyoagizwa. Isipokuwa haitakupa ladha ya Tusker, ambayo ni bia ya lager, na lager huchachushwa katika nyuzi 10 hadi 12, kisha hulazwa kwa wiki kadhaa karibu na sifuri. Anayetamani Tusker basi na aende dukani. Itamgharimu kidogo kuliko kuendesha friji mwezi mzima.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya maelekezo haviwezi kulijua. Nyumba inayopokea mnazi kutoka kwa mgema hujaa hamira za mwitu na vimelea vya siki, ndivyo vinavyoufanya mnazi uchachuke kuanzia ungali kwenye kibuyu na ugeuke siki siku chache baadaye. Usiweke ndoo ya bia chumba kimoja na mnazi, wala usishirikishe mpira wala faneli.

Kwamba bia imekwisha kuchachuka huthibitishwa kwa haidromita, kipimo cha uzito wa kinywaji ukilinganishwa na wa maji, si kwa kutazama mapovu. Kipimo kikibaki kilekile siku tatu mfululizo, hamira imemaliza. Kama mwanzo kilikuwa 1.050 na mwisho 1.010, toa, zidisha kwa 131, utapata alkoholi ya asilimia 5.2 hivi. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Ukipima kinywaji cha nyuzi 30, ongeza kati ya 0.002 na 0.003. Anayetia kwenye chupa atumie gramu 6 hadi 7 za sukari kwa lita, wala asizidishe, kwani chupa ya kioo iliyojaa gesi katika chumba cha nyuzi 32 hupasuka kwa nguvu ya kujeruhi. Kwa anayeanza, chupa za plastiki za soda ni salama zaidi: ukiiminya ikawa ngumu, gesi imeshajaa na chupa iingie kwenye friji.

Matunzo, na kununua iliyotumika

Sufuria hizi ni za chuma cha pua, na watu hudhani chuma hicho hakishiki kutu. Hushika, tena kwa vitobo vidogo vidogo, kikikutana na klorini. Usiioshe kamwe kwa dawa ya kung'arishia nguo. Tumia sodiamu perkaboneti katika maji moto, uizungushe kwa pampu kwa nusu saa, na ukoko wa chokaa uondoe kwa asidi ya sitriki. Baada ya kila kazi suuza kwa maji yasiyo na chumvi, fungua kichwa cha pampu uondoe mabaki ya hopsi, na uikaushe kifuniko kikiwa wazi. Kidhibiti kikitoka, kihifadhi ndani ya nyumba katika chombo kilichofungwa. Upepo wa bahari hula ncha za nyaya, sisimizi hupenda joto la transfoma, na mayai ya mjusi nimeyatoa ndani ya vidhibiti zaidi ya kimoja.

Mashine nyingi za hapa hubadilisha mikono mwenye nyumba anaporudi kwao, na bei huwa nzuri. Kabla ya kulipa, ijaze maji na uichemshe kwa saa nzima huku pampu ikizunguka. Kasoro ya kinga ya joto haionekani katika dakika kumi. Kausha sakafu kwanza ili uone tone linalodondoka. Fundi apime kama koili inavuja umeme kwenye mwili wa sufuria, kwa sababu koili iliyokaa muda mrefu bila kutumika hunyonya unyevu, na swichi ya usalama itakata kila ukiiwasha. Omba kikapu, vyujio vyote viwili na raba za viungo: muuzaji akisema zipo mahali fulani stoo, mngoje azilete kabla hujatoa pesa, maana raba moja ya kipimo cha kigeni inaweza kuchukua muda mrefu kuagizwa kuliko mashine yenyewe ilivyochukua.